Maoni wanayo, wanachokosa ni mtu wa kubishana naye

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kifaransa kidato cha pili hapa Tanga mjini, darasa la wanafunzi 45, vipindi vitatu kwa wiki. Kusoma wanasoma, mazoezi ya kujaza nafasi wanafanya, na majaribio wanafaulu. Lakini nikiuliza "Qu'est-ce que tu penses de l'environnement?" (unafikiri nini kuhusu mazingira?) darasa zima linainamia madaftari. Nikimteua mmoja, anasema "C'est bien" (ni vizuri) anakaa. Nilipanga mdahalo, wakasema wawili walewale mpaka kengele ikalia. Nifanye nini watoe maoni yao kwa Kifaransa? Na nitawapaje maksi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Kabla hujaandika andalio jingine la somo, kesho wakati wa mapumziko simama karibu na dirisha la darasa hilohilo usikilize. Utawakuta wanabishana nani zaidi kati ya Coastal Union na African Sports, sauti juu, mishipa ya shingo imewatoka, na kila mmoja ana ushahidi wake. Hao ndio waliokuambia "C'est bien" wakakaa. Basi tusiseme hawana maoni, wala tusiseme ni waoga.

Tatizo naliona kwenye swali. Mimi leo ukinisimamisha barabarani ukaniuliza kwa Kiswahili, "Unafikiri nini kuhusu mazingira?", nami nitababaika, na Kiswahili ni lugha ya mama yangu. Nitasema mazingira ni mazuri, tuyatunze, nipite zangu. Maoni hayakai kichwani yamekunjwa yakingoja kuulizwa. Huja pale mtu anaposema jambo mbele yako, nawe moyoni ukasema: aa, hapo sivyo. Usimwulize mwanafunzi anafikiri nini. Mwekee mbele yake sentensi anayotaka kuipinga, na mwenzake wa kumpinga. Mengine yote nitakayokueleza yanatoka hapo.

Kwanza tuwe wa haki kwao. Vipindi vitatu vya dakika 40 ni saa mbili kwa wiki. Kwa saa hizo, mtoto wa mwaka wa pili yuko kwenye ngazi ya A1, ya chini kabisa katika kipimo cha kujua lugha kinachopanda A1, A2, B1 na kuendelea, anaitafuta A2. Hata mtihani wa cheti cha Kifaransa, DELF, ngazi ya A2, humtaka aseme anachopenda na asichopenda na atoe sababu fupi. Kutoa hoja na kuitetea mbele ya mtahini, ile sehemu inayoitwa "expression d'un point de vue" (kueleza mtazamo), inaanza kwenye B1. Kwa hiyo usitegemee hotuba. Sentensi mbili zenye "parce que" (kwa sababu) katikati, zilizosemwa kumjibu mwenzake, kwangu hizo ni mavuno mazuri kwa kidato cha pili.

Sasa anza na neno dogo kuliko yote: "si". Kifaransa kina "oui" na "non", halafu kina "si", la kumpinga aliyekanusha. Mtu akisema "Tanga n'est pas belle" (Tanga si nzuri), humjibu "oui" wala "non". Unamjibu "Si! Tanga est belle!" Neno hili linawapa shida watoto wetu kwa sababu ya Kiswahili chenyewe. Ukimwuliza Mswahili "Hujala?", anajibu "Ndiyo," maana yake ndiyo, sijala. Anaihamisha hivyohivyo: "Tu n'as pas mangé?" (hujala?) anajibu "Oui," na Mfaransa anabaki hajui kama huyu ameshiba au ana njaa. Ilitakiwa "Non" kama hajala, na "Si" kama amekula. Mimi hutumia dakika tano za mwanzo wa kipindi kusema uongo mtupu mbele ya darasa. "Il n'y a pas de vélos à Tanga" (Tanga hakuna baiskeli). "Les filles n'aiment pas le football" (wasichana hawapendi mpira). "Vous n'êtes pas intelligents" (ninyi hamna akili). Hilo la mwisho hakuna anayelivumilia. Darasa zima linalipuka: "Si!" Siku ya kwanza ni kelele tu. Siku ya tatu wanaongeza sentensi baada ya "si" bila kuambiwa.

Uongo huo una faida nyingine, na hii ni kubwa kwa huku kwetu. Mtoto wa Tanga amelelewa asimjibu mkubwa. Kumwambia mwalimu wake "je ne suis pas d'accord" (sikubaliani nawe) anaona kama amekosa adabu, hata kama wewe ndiye uliyemfundisha maneno hayo. Kwa hiyo mruhusu waziwazi, kwa Kiswahili, umwambie kuwa kwa Kifaransa kupinga hoja si kumvunjia mtu heshima, na heshima yenyewe inakaa kwenye "vous", ile "wewe" ya heshima, na kwenye "madame" au "monsieur". Mfundishe sentensi nzima kama salamu: "Excusez-moi, madame, mais je ne suis pas d'accord." Kati yao wenyewe watatumia "tu", "wewe" ya marafiki, na huko watakuwa huru zaidi. Angalia pia matamshi ya "d'accord", ile d ya mwisho haisikiki. Wengi huitamka na kuiongezea irabu.

Nakuja kwenye maneno ya kutolea maoni. Vitabu huleta orodha ya ishirini. Wape matano, na uyafundishe kutoka kwenye Kiswahili moja kwa moja, usipitie Kiingereza. Hapa nasisitiza, maana naona walimu wengi tunakosea. Watoto wanasomea masomo mengine kwa Kiingereza, basi nasi tunadhani Kiingereza ndicho daraja la kwenda Kifaransa. Mara nyingi daraja hilo linawazungusha. Mtoto anayepitia Kiingereza anasema "je suis faim" na "je suis quinze ans". Anayetoka kwenye Kiswahili hana shida hiyo: nina njaa, "j'ai faim", nina miaka 15, "j'ai quinze ans". Na kwenye ubishi ni hivyohivyo, "j'ai raison, tu as tort" (mimi niko sahihi, wewe umekosea), vyote ni vya kuwa na, si vya kuwa.

Kwenye maoni ukaribu huo unazidi. "Naona" yetu ndiyo "je trouve que", maoni ya mtu aliyekionja kitu au kukiona mwenyewe. "Nadhani" ni "je pense que". "Kwa maoni yangu" ni "à mon avis", na hapo wawekee alama ubaoni kwamba halifuatwi na "que": "À mon avis, c'est cher," basi. Halafu tazama jinsi tunavyozungumza. Sisi husema "Samaki, mimi simpendi." Tunatanguliza kitu, tunajitaja, ndipo tunasema la kusema. Mfaransa akiwa kwake, akizungumza na jirani yake, anafanya vilevile: "Le poisson, moi, je n'aime pas ça." Tunasema "Kupika ni kazi," naye anasema "Cuisiner, c'est un travail." Mwanafunzi akishalijua hili hahitaji kujenga sentensi ndefu. Anataja kitu, anaweka "moi, je trouve que c'est", anamalizia na sifa moja. Hicho ni Kifaransa halali cha mazungumzo.

Jambo moja la sarufi uliepuke kwa makusudi mwaka huu. "Je ne pense pas que" (sidhani kwamba) inavuta nyuma yake subjonctif, umbo la pekee la kitenzi linalokuja baada ya maneno ya mashaka, na mtoto wa mwaka wa pili akiigusa anazama. Mfundishe kuhamishia kanusho upande wa pili: "Je pense que le vélo n'est pas dangereux" (nadhani baiskeli si hatari). Maana imefika, sarufi ni safi, na subjonctif itamkuta huko mbele akiwa amekomaa. Badala yake tia nguvu kwenye kulinganisha, "plus… que" (zaidi ya), "moins… que" (pungufu ya), kwa sababu maoni mengi ya ngazi hii ni kulinganisha vitu viwili. Na "plus bon" ikitokea, nayo itatokea, waonyeshe "meilleur" (bora zaidi) na usonge mbele.

Sasa nikuonyeshe kipindi kimoja kilivyokwenda. Mada ilikuwa baiskeli na bodaboda, maana mji wetu ni wa baiskeli na kila mtoto ana lake la kusema. Nilibandika manila ubaoni yenye sentensi moja: "Le vélo est mieux que le taxi-moto" (baiskeli ni bora kuliko bodaboda). Kwanza niliwapa dakika mbili wabishane kwa Kiswahili, wawili wawili. Najua wapo wenzetu wasiotaka kusikia Kiswahili kabisa kwenye kipindi cha Kifaransa. Mimi siafikiani nao kwenye hili. Mtoto hawezi kutafuta hoja na kutafuta maneno kwa wakati mmoja. Acha aipate hoja kwanza kwa lugha inayomtii.

Kisha dakika tatu za kimya, kalamu mkononi, waandike maneno tu, marufuku sentensi nzima. Ukiwaruhusu sentensi watasoma, na anayesoma hazungumzi. Anayetaka neno ananyoosha mkono: "Comment on dit 'nauli' en français?" Naliandika ubaoni, "le prix du trajet", linakuwa la wote.

Halafu nikawagawa. Upande wa dirisha wanatetea baiskeli, upande wa mlango wanatetea bodaboda, watake wasitake. Kuwapangia upande kunawaondolea hofu, kwa sababu mtoto anajua akikosea si yeye aliyekosea, ni upande aliopewa. Kila mmoja akamkabili mmoja wa upande wa pili, dakika mbili. Kengele ndogo, anahamia kwa mpinzani mwingine, hoja ileile, dakika moja na nusu. Tena, dakika moja. Mara ya kwanza walikuwa wanababaika na "euh" nyingi. Mara ya tatu sentensi zilezile zilikuwa zinatoka kama maji, na muda umepungua. Hakuna siri nyingine hapo: wameirudia hoja mara tatu bila kuchoka kwa sababu anayewasikiliza ni mpya kila mara.

Kulikuwa na binti wa dawati la nyuma, tangu mwaka uanze sijamsikia zaidi ya "présente". Alipangiwa bodaboda. Mpinzani wake, kijana mwenye maneno mengi, akamwambia baiskeli ni rahisi, haili mafuta, haina kelele, ni nzuri kwa afya. Vyote kweli, na vyote kwa Kifaransa safi. Binti akanyamaza kidogo, akatazama karatasi yake yenye maneno matatu, akasema: "Oui, mais ma mère vend le poisson. Le poisson n'attend pas."

Ndiyo, lakini mama yangu anauza samaki. Samaki hasubiri. Kijana alikosa la kusema. Waliokuwa karibu waligeuka, mmoja akapiga makofi. Ilitakiwa "vend du poisson", nililisikia kosa hilo, na sikufungua mdomo.

Sikufungua kwa sababu niliwahi kufungua. Miaka yangu ya mwanzo, katika shule nyingine, kijana alisimama kwa mara ya kwanza kutoa maoni yake, akasema "le moto". Nikamkatiza palepale, "LA moto." Akarudia "la moto", akakaa chini, na muhula ule wote hakusimama tena. Nilimsahihisha jinsia ya pikipiki nikampoteza yeye. Tangu siku hiyo, watoto wakibishana mimi natembea na daftari dogo naandika. Dakika tano za mwisho naweka ubaoni sentensi tatu bila majina: moja nzuri ya kusifiwa, mbili za kurekebishwa na darasa zima. Sentensi ya samaki niliiweka kama nzuri, na "vend le poisson" tukaifanyia kazi kipindi kilichofuata tulipofika kwenye "du" na "de la".

Ukipiga hesabu utaona pia kwa nini mdahalo wako ulikwama. Darasa la 45 kwa dakika 40, ukiwasimamisha mmoja mmoja, hata usiite mahudhurio, kila mtoto hapati hata dakika moja ya kusema. Mdahalo wa mwenyekiti na wasemaji wakuu unawapa wawili uwanja, wengine 43 wanakuwa hadhira. Wakikaa wawili wawili, na kundi moja la watatu, kwa dakika nne na nusu kama nilivyoeleza karibu kila mmoja amesema zaidi ya dakika mbili. Kelele zitakuwepo. Mweleze mwalimu wa darasa la jirani mapema, na ukiweza watoe nje chini ya mwembe.

Wafundishe pia kupokea neno la mwenzao kabla ya kulijibu. Hili wanalijua kutoka kwenye ngonjera: anayejibu hawezi kuanza tu na yake, anashika alipoishia mwenzake. Weka kanuni kwamba kila jibu linaanza na hoja ya mpinzani: "Tu dis que le vélo est lent. C'est vrai, mais…" (unasema baiskeli ni ya polepole, ni kweli, lakini…) au "Oui, mais…" Kwa kanuni hiyo moja utaona wanaanza kusikilizana, maana asiyesikiliza hana pa kuanzia. Yupo atakayekimbilia "ça dépend". Mruhusu, ila aseme inategemea nini: "Ça dépend de la distance." Bila hivyo "ça dépend" inakuwa mlango wa kutorokea.

Mada ziwe za mlango wa nyumbani. Mihogo ya kuchoma au chipsi. Kuishi Ngamiani au Raskazone. Sare za shule ziwepo au zisiwepo. Msichana acheze mpira au asicheze, hii huwa moto na uwe tayari kuituliza. Simu kwa mwanafunzi. Mazingira utayafikia kwa mlango huohuo: usiseme "l'environnement", sema "Il faut interdire les sachets en plastique," na wanakumbuka mifuko ya plastiki ilivyopigwa marufuku nchini mwaka 2019, kwa hiyo wana la kusema. Bomba la mafuta linalotoka Uganda hadi Chongoleani, kilomita 1,443, najua linavutia, na kwa kuwa mwenye hisa nyingi ni TotalEnergies ya Ufaransa utapata habari zake nyingi kwa Kifaransa. Lakini msamiati wake ni mzito. Liweke kidato cha nne.

Wakikuuliza Kifaransa hiki watabishana na nani wakimaliza shule, una jibu la karibu. Burundi na Kongo wamo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja nasi, Kongo tangu 2022, na ng'ambo ya bahari hiyo wanayoiona kila siku wapo Wakomoro. Huko kote Kifaransa ni lugha rasmi, na Burundi na Kongo pikipiki za abiria wanazo kama sisi.

Kuhusu maksi, mwezi wa kwanza usitoe. Ukitoa mapema watarudi kwenye "C'est bien", kwa sababu sentensi fupi haina makosa. Mwezi wa pili anza kuhesabu mambo matatu tu: ametoa sababu, amemjibu mwenzake na si kusema yake tu, ameeleweka. Jinsia na vitenzi vipime kwenye maandishi, huko una nafasi ya kutosha. Na chukua daftari lako, andika majina yote 45, na mbele ya kila jina weka tarehe ya siku ulipomsikia kwa mara ya kwanza akisema "oui, mais" bila kuelekezwa. Mwisho wa mwezi angalia nafasi zilizo tupu. Hao ndio wa kuwatafutia wapinzani wapole wiki inayofuata.